Safu ya Maelezo

Vakhushti alinipigia simu kutoka Tbilisi,
akanicheka kwanza, ndivyo alivyo,
kisha: Shangazi, kitabu siku hizi hakiandikwi kwa penseli.
Nakutumia programu nne, chagua moja.
Usiniulize ipi nzuri, ni kama viatu.

Viatu navijua. Miaka thelathini na moja
nilivaa buti za serikali
kupanda hadi kwenye nguzo ya kupimia theluji juu ya Mestia:
sentimita kadhaa, nukta, upepo watoka wapi,
kushuka, chai, kulala.
Programu sikuzijua.

Ya kwanza ilinipa ubao na vikadi vya rangi,
nibandike kila mhusika kwa pini.
Macho yake rangi gani? Anaogopa nini?
Nikajaza kadi ya kaka yangu Murzakan.
Macho: kahawia. Anaogopa: mbwa wa Bimurza,
na hesabu za kugawanya.
Nikaibandua. Nilijiona kama askari
anayemsaka mtu ambaye hajatoroka.

Ya pili ilihesabu maneno.
Nilipofika mia tano, vikaratasi vya sherehe
vikamwagika kwenye skrini, harusi tupu,
nami ndio kwanza nimemaliza kueleza
jinsi tulivyochimba kwa masufuria.
Nikaizima haraka, nisije nikaonekana na jirani.

Ya tatu haikuwa na kitu.
Ukurasa mweupe pembe hadi pembe, si kitufe, si saa,
ili usisumbuliwe, walisema.
Waliosema hivyo hawajawahi kuamka
wakakuta dirisha jeupe namna ile.

Ya nne Vakhushti aliisifu zaidi. Inabashiri.
Unaanza sentensi, yenyewe inakumalizia kwa wino wa kijivu,
ukiridhika unabonyeza.
Ilipigia mstari mwekundu kila neno la Kisvani,
jibini letu, kilima chetu, jina la bibi yangu.
Nikaisamehe, mgeni ni mgeni.
Kisha nikaandika: Alfajiri wakaufungua mlango, na Murzakan
nayo upesi, kwa adabu zote:
alikuwa salama.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Sitasema kilikaa hapo muda gani.
Birika lilichemka hadi likakauka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa nao walikuja na siku thelathini za bure,
ya thelathini na moja wao ndio wakanidai mimi,
kwa dola, kila mwezi.
Wakaenda zao.

Basi nikafungua lile jedwali la kituoni.
Tarehe. Kina. Upepo. Maelezo.
Safu ya maelezo miaka yote niliandika "hakuna",
mkuu wetu hakuwa mpenzi wa maneno.
Sasa naandika humo. Kisanduku kinarefuka chenyewe,
hakiulizi ninaenda wapi.
Ng'ombe aliyegoma kutoka zizini siku ile ya jua kali.
Nani aliunguza mkate, na nani aliula bila kusema.
Neno likinikwama, natazama kushoto:
sentimita sabini na mbili, kaskazini magharibi,
na neno linakuja.

Vakhushti kacheka tena. Shangazi, hiyo ni ya wahasibu!
Nikamwambia ndiyo.
Jana kaniomba faili. Nimelituma lote,
mistari elfu kumi na moja na ushei.
Sikumwambia ateremke hadi upi,
tarehe anaijua, imechongwa kwenye kaburi la baba yake.
Kina: mita nne na robo.
Upepo: umetulia.
Maelezo: mtoto wake, miezi miwili,
kwa mara ya kwanza alilala usiku kucha.

Simu haijalia bado.
Redio inasema Tbilisi kuna mvua.